BENEDICTO KIWANUKA: MTU WA CHAMA CHA KANISA, MWAMUZI WA WATU WOTE



Kwenye ukurasa huu tumezoea kusoma maisha ya watu wakubwa wa upande wetu wa Kiprotestanti, kama Luther na Livingstone. Safari hii nimeleta Mkatoliki. Najua wengine watashangaa, na wengine wataniuliza kwenye refekta kama kapita wao ameanza kugeuka. Sijageuka. Nimeandika juu ya mtu huyu kwa sababu alikuwa jirani yetu wa Uganda, tena maisha yake yanajibu neno ambalo tunabishana kila mara usiku katika interna: je, ni vizuri kanisa liwe na chama chake cha siasa? Someni mpaka mwisho, halafu kila mtu aseme mawazo yake.

KIJANA WA BUDDU

Benedicto Kiwanuka alizaliwa tarehe 8 ya mwezi wa tano 1922 katika Buddu, upande wa Masaka, kusini ya ufalme wa Buganda. Mtu akitoka huku kwetu Walikale anashuka Goma, anapanda Rutshuru mpaka Bunagana, halafu anapita Kisoro, Kabale na Mbarara. Si mbali kama tunavyofikiri.

Ili tumwelewe Kiwanuka inafaa kwanza tujue Buddu ni nini. Buganda ilipata wamisionari wa namna mbili karibu wakati mmoja. Waanglikana wa Uingereza, ambao kule ndio wanaitwa Waprotestanti, walifika mwaka wa 1877. Mapadri Weupe wa Ufaransa walifika mwaka wa 1879. Vijana wa nyumba ya mfalme walijifunza kusoma kwao, wengine hapa, wengine pale. Kati ya mwaka wa 1885 na 1887 mfalme Mwanga aliua wengi wao, na kundi kubwa lilichomwa moto pa Namugongo tarehe 3 ya mwezi wa sita 1886. Makanisa yanahesabu wafia-imani 22 Wakatoliki na 23 Waanglikana. Moto ule haukuuliza mtu alibatizwa wapi.

Lakini hata miaka sita haikupita. Mwezi wa kwanza 1892 Wakristo hao hao walipigana vita wao kwa wao pa Mengo, Waprotestanti na Wakatoliki, wenye kuimba jina la Yesu mmoja. Kapiteni Lugard, Mwingereza, aliwapatia Waprotestanti bunduki, na Wakatoliki wakashindwa. Wengi walikimbilia Buddu, na tangu pale Buddu ikajulikana kama nchi ya Wakatoliki.

Baada ya vita vile vyeo vya Buganda viligawanywa kama nyama. Mfalme, ambaye wanamwita Kabaka, alikuwa Mprotestanti. Katikkiro, ndiye mkubwa wa serikali ya Kabaka, alikuwa Mprotestanti. Watawala wa wilaya nyingi vilevile. Wakatoliki walipewa kiti cha mwamuzi wa ufalme na sehemu yao ndogo ya wilaya, ingawa kwa hesabu ya waumini wao ndio walikuwa wengi. Tusijifiche, ndugu zangu: katika mambo haya waliokalia wenzao walikuwa watu wa upande wetu.

MASOMO YAKE

Kiwanuka hakuwa mtoto wa mtawala. Alisoma kwa wamisionari, halafu vita ya pili ya dunia ikamkuta kijana. Aliingia katika jeshi la Waingereza na akatumika mpaka Misri na Palestina. Aliporudi nyumbani alipata kazi ya karani na mkalimani kwenye tribinali kubwa ya Kampala. Kazi ya mkalimani ni kusimama kati ya mshitakiwa asiyejua Kiingereza na mwamuzi Mzungu asiyejua Kiganda. Neno moja likitafsiriwa vibaya, mtu anaingia gerezani. Nafikiri ni pale alijifunza kama sheria si vitabu tu, ni maisha ya watu.

Mwaka wa 1950 alikuwa na miaka 28. Wengine kwa umri huo wanasema masomo yamekwisha. Yeye alirudi darasani. Alienda Basutoland, nchi ambayo leo inaitwa Lesotho, kwenye koleji ya Wakatoliki ya Roma. Mwaka wa 1952 alienda London kusoma sheria, na mwaka wa 1956 akatoka avoka kamili. Wale kati yetu ambao wanaona haya kwa sababu wamezidi umri wa darasa lao, wamkumbuke huyu. Aliyekuwa anatafsiri maneno ya mwamuzi alirudi Kampala kutetea watu mbele ya mwamuzi yule yule.

CHAMA CHA DP

Wakati yeye alikuwa London, nyumbani watu walikuwa wanaanza vyama. Mwaka wa 1954 Wakatoliki kadhaa walianzisha Democratic Party, yaani Chama cha Demokrasia, ambacho watu wote waliita DP. Neno lake la kusimamia lilikuwa Ukweli na Haki.

Sababu za kukianzisha zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa uchungu wa vyeo ambao nimesema. Uchungu huo ulizidi mwaka wa 1955, wakati Mkatoliki Matayo Mugwanya alikosa kiti cha Katikkiro kwa kura chache sana. Ya pili ilikuwa hofu ya Ukomunisti. Maaskofu walikuwa wanaona mambo ya Ulaya ya mashariki na China, jinsi makanisa yalivyofungwa na wamisionari kufukuzwa, na hawakutaka yafike Afrika. Ya tatu ilikuwa shule. Karibu shule zote za Uganda zilikuwa mikononi mwa misioni, na wazazi Wakatoliki waliogopa kama serikali mpya itazichukua. Sisi wa Kongo tunaelewa hofu ile. Serikali ya Mobutu ilichukua shule za makanisa mwaka wa 1974, na ni mwaka wa 1977 tu, kwa mapatano ya tarehe 26 ya mwezi wa pili, makanisa yaliaminiwa tena kuziongoza. Uganda nako serikali ilikuja kuziweka shule za misioni chini ya mkono wake miaka michache baada ya uhuru.

DP kilikuwa chama cha watu wenye kushika mambo ya zamani: kanisa, jamaa, mashamba yao, shule ya misioni. Kwenye karatasi mlango ulikuwa wazi kwa kila raia, na Waprotestanti na Waislamu wengine waliingia. Lakini watu wake wa kazi vijijini walikuwa walimu na wakatekista wa Kikatoliki. Basi maadui wake walizigeuza zile herufi mbili na kusema maana yake ni Dini ya Papa. Jina lile lilishika kama gundi.

Tusifikiri mambo hayo ni ya Wakatoliki peke yao. Kule Uholanzi mchungaji wetu wa Kiprotestanti, Abraham Kuyper, alianzisha chama cha waumini mwaka wa 1879. Aligombania shule za Kikristo, na tangu 1901 mpaka 1905 alikuwa waziri wa kwanza wa nchi ile. Kila kanisa likijiona limesukumwa pembeni, linatafuta chama.

Mwaka wa 1958 wanachama wa DP walimchagua Kiwanuka kuwa mkubwa wao. Alikuwa na miaka 36. Alikuwa msemaji mkali, na hakuogopa mtu, hata Kabaka. Katika jambo moja hakuwa mtu wa kushika ya zamani: aliamini kama mfalme hafai kuingia katika siasa ya vyama, na kama mtoto wa mkulima ana haki ya kutawala nchi sawa na mtoto wa mkubwa. Kwa Waganda wengi, neno hilo lilikuwa kama tusi.

WAZIRI WA KWANZA

Mwezi wa tatu 1961 Waingereza walipanga uchaguzi wa Uganda yote. Lukiiko, yaani baraza la Buganda, ilikataza watu wake kupiga kura, kwa sababu ilitaka kwanza cheo cha Kabaka kilindwe. Walioenda kujiandikisha walitishwa. Wengine walikatiwa migomba, wengine nyumba zao zilichomwa moto. Wachache wenye moyo mgumu waliandikishwa, na wengi wao walikuwa watu wa DP. Kwa hiyo DP kilipata viti 20 juu ya 21 vya Buganda, na katika nchi nzima kilipata viti 43. Chama cha UPC cha Milton Obote kilipata 35, ingawa kwa hesabu ya kura zote UPC kilikuwa mbele.

Hapo Kiwanuka akawa mkubwa wa mawaziri, mwezi wa saba 1961. Tarehe 1 ya mwezi wa tatu 1962 Uganda ilipewa kujitawala kwa mambo ya ndani, na yeye akawa waziri wa kwanza, wa kwanza kabisa katika historia ya nchi ile. Bendera mpya ilipandishwa, ya rangi ya majani na buluu, na picha ya korongo katikati.

Lakini nyumbani kwake Buganda alikuwa kama mgeni. Mwezi wa sita 1961 kulianzishwa Kabaka Yekka, maana yake Kabaka Peke Yake. Chama hicho kilisema hakuna raia wa kawaida ambaye atakaa juu ya Kabaka. Mwisho wa mwaka ule askofu mkuu wa Rubaga, Joseph Kiwanuka, ambaye walifanana jina tu, aliandikia waumini barua akionya kama mfalme akiingia katika vyama atapoteza heshima ya wote. Serikali ya Kabaka ilikasirika sana. Barua ile ilisema kweli, lakini ilizidi kuwaonyesha watu kama DP na kanisa ni kitu kimoja.

KUANGUKA

Obote alikuwa mwerevu. Aliona kama hawezi kushinda bila Buganda. Basi yeye, ambaye chama chake kilikuwa kinajiita cha maendeleo, alifanya urafiki na watu wa Kabaka. Katika mkutano wa London, mwaka wa 1961, Waingereza walikubali kama depite wa Buganda watachaguliwa na Lukiiko, si na raia. Kiwanuka alikataa sana, lakini hakusikilizwa.

Mwezi wa pili 1962 Lukiiko mpya ilichaguliwa. Kabaka Yekka kilipata viti 65, DP kilipata 3 tu. Mwezi wa nne uchaguzi wa nchi ulifanyika: UPC 37, DP 24, na Kabaka Yekka 21 kutoka Lukiiko. Vyama viwili vilijumlisha viti vyao na Obote akawa waziri wa kwanza. Kiwanuka mwenyewe hakupata hata kiti cha depite, kwa sababu Lukiiko haiwezi kumchagua adui yake. Alikuwa waziri wa kwanza kwa miezi miwili tu. Siku ya uhuru, tarehe 9 ya mwezi wa kumi 1962, bendera ya korongo na rangi ya majani ilikuwa imekwisha kubadilishwa. Lumumba wetu naye alitawala miezi michache tu mwaka wa 1960.

Hapa inafaa tuseme kosa lake pia. Alishinda mara ya kwanza kwa sababu wengi wa Buganda walibaki nyumbani. Badala ya kutembea pole pole na kuwatuliza, alisema nao kwa ukali, kama mtu ambaye sheria iko upande wake na inatosha. Sheria peke yake haikutosha. Watu walikuwa wanataka kujua kama anawapenda.

Urafiki wa Obote na Kabaka haukudumu. Tarehe 24 ya mwezi wa tano 1966 askari wa Obote, wakiongozwa na Idi Amin, walishambulia nyumba ya Kabaka pa Mengo. Kabaka alikimbia mpaka London, na akafa kule mwaka wa 1969. Mwaka huo huo wa 1969, baada ya Obote kupigwa risasi na kupona, vyama vyote vya upinzani vilikatazwa. Kiwanuka, ambaye miaka ile yote alikuwa anaongoza DP nje ya bunge, alitiwa gerezani.

MWAMUZI MKUU

Tarehe 25 ya mwezi wa kwanza 1971 Amin alimpindua Obote. Siku chache nyuma ya hapo alifungua wafungwa 55 wa siasa, na Kiwanuka alikuwa kati yao. Watu wa Kampala walicheza barabarani. Hakuna mtu alijua ni nini inakuja.

Mwezi wa sita mwaka ule Amin alimweka kuwa mwamuzi mkuu wa nchi. Ni yeye mwana-Uganda wa kwanza kukaa kwenye kiti kile. Fikirini: karani wa zamani wa tribinali ile ile, mkalimani, sasa ndiye mkubwa wake. Mtu anaweza kuuliza juu ya nini alikubali kazi ya serikali ya askari. Kwa mawazo yangu, alifikiri kama hapo ndipo haki inaweza bado kulindwa.

Mwaka wa 1972 mambo yaliharibika. Mwezi wa nane Amin alitangaza kama Wahindi watoke Uganda kwa siku 90. Askari walikuwa wanakamata watu usiku na mchana, na wengi hawakuonekana tena. Mwezi wa tisa Mwingereza mmoja alikamatwa na askari, na avoka wake alileta neno mbele ya Kiwanuka. Sheria ya Waingereza ina dawa moja ya zamani inaitwa habeas corpus. Maana yake ni hii: wewe uliyemfunga mtu, mlete hapa mbele ya tribinali, uonyeshe ni sheria gani inakupa ruhusa ya kumshika, ukikosa, umwachilie. Kiwanuka aliangalia, akaona askari hawana ruhusa ile, akaamuru mtu yule afunguliwe.

Tuangalie vizuri ni nani alikuwa anafunguliwa. Hakuwa Mganda, hakuwa mwanachama wa DP. Alikuwa Mzungu, wa taifa ambalo lilikuwa limemkosea Kiwanuka mwenyewe kwenye mkutano wa London. Na aliyemfunga alikuwa askari wa Amin, mtu aliyemtoa Kiwanuka gerezani na kumpa kiti. Kama angefuata shukrani, kama angefuata chama, kama angefuata kisasi, asingeandika hukumu ile. Alifuata sheria.

Tarehe 17 ya mwezi wa tisa wakimbizi wa Obote walishambulia Uganda wakitoka Tanzania, na Amin alizidi kuona maadui kila mahali. Tarehe 21, watu wenye silaha waliingia kwenye tribinali kubwa ya Kampala na kumkamata mwamuzi mkuu kazini mwake, mchana, mbele ya watu. Walimtia ndani ya motokari na kuondoka naye. Serikali ilikana. Kiwanuka aliuawa, na mwili wake haukurudishwa kwa jamaa mpaka leo. Alikuwa na miaka 50.

TUNAJIFUNZA NINI?

Chama chake hakikufa. Kilitokea tena kwa uchaguzi wa 1980 chini ya Paul Ssemogerere. Lakini DP hakijapata tena kutawala Uganda. Tangu mwaka wa 2018 tribinali za Uganda zilianza kumfanyia Kiwanuka ukumbusho kila mwaka, na wanaomkumbuka ni wa makanisa yote. Hawamkumbuki kwa sababu ya viti 43. Wanamkumbuka kwa sababu ya hukumu moja.

Miaka mitano baadaye, tarehe 16 ya mwezi wa pili 1977, Amin aliua pia askofu mkuu wa Waanglikana, Janani Luwum. Basi ikawa tena kama pa Namugongo: Mkatoliki na Mprotestanti wameuawa na mkono mmoja, kwa sababu moja. Watoto wa wale waliopigana mwaka wa 1892 walikutana tena kaburini.

Sasa jibu langu kwa mabishano yetu ya interna. Kanisa lina haki ya kulia wakati watu wake wanasukumwa, na Mkristo ana haki ya kuingia katika siasa. Siwalaumu Wakatoliki wa 1954. Kosa la kwanza lilikuwa la upande wetu, kwa kukalia viti vyote. Lakini chama cha kanisa moja kinajenga ukuta, na mtu aliye nje ya ukuta hatakusikiliza hata ukisema kweli. Kiwanuka akiwa mkubwa wa chama alikuwa wa watu wake, na alishindwa. Akiwa mwamuzi alikuwa wa kila mtu, na hapo hata kifo hakikumshinda.

Sisi wenyewe, wakati wa kuchagua kapita wa darasa au wa interna, tunauliza kwanza nini? Tunauliza ni wa kanisa gani, ni wa kabila gani, anatoka Masisi au Walikale. Nimesikia kwa masikio yangu, na bila kusema uongo, mimi pia nimekwisha kuuliza hivyo. Pengine hata kura zingine zilizonipa kazi hii zilipigwa kwa njia ile. Tangu nimesoma maisha ya Kiwanuka nafikiri kama kuna swali lingine la kumuuliza mtu anayetaka cheo: je, siku moja akiletewa mtu asiye wake, mwenye haki, atamfungulia?

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita